Viza za wahudumu Uingereza: mlango umefungwa, kamba bado iko mkononi mwa mwajiri

Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza haitoi tena viza mpya kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo anayetaka kwenda kufanya kazi ya kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu, kazi ambayo ndugu zetu walioko huko huiita kwa kifupi tu "kea". Habari hiyo ilipofika kwetu ilipokelewa kwa namna mbili. Wapo waliosema wazungu wametuchoka, na wapo waliosema heri pafungwe maana watu walikuwa wanauza mashamba kwenda kununua mateso. Uingereza kwenyewe mjadala ukawa wa namba: wameingia wangapi, wamekuja na wategemezi wangapi, sasa wamepungua kiasi gani. Wote hao wanautazama mlango. Kwa maoni yangu kilichouharibu mpango huu ni kamba, yaani kibali kinachomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja ambaye dola imempa uwezo wa kuamua kama mtu huyo ataendelea kuishi nchini au atafungasha virago. Mlango umefungwa, kamba haikuguswa, na kwa waliomo ndani sasa inabana zaidi kuliko mwanzo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Viza ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii ilianza Agosti 2020, ikiwa na ada nafuu na msamaha wa tozo ya huduma ya afya ambayo wahamiaji wengine hulazimika kulipa. Iliwalenga madaktari, wauguzi, wakunga na wataalamu wengine wa aina hiyo. Kazi ya kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani na kumkumbusha dawa zake haikuwamo, kwa hoja kwamba haihitaji ujuzi mkubwa (aliyewahi kumwinua mgonjwa wa kiharusi bila kumuumiza, na bila kujivunja mgongo, anajua kwamba hoja hiyo iliandikwa na mtu aliyekaa kitini). Iliingizwa Februari 2022 kwa ushauri wa Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, mwanzoni kwa miezi 12 tu. Sehemu hiyo ndiyo iliyofungwa Julai 2025. Muuguzi aliyesajiliwa na daktari bado wanaweza kuomba viza wakiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, na jambo hilo lina uzito wake kama nitakavyoeleza.

Kwa nini mlango ulifunguliwa? Uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya kuingia na kufanya kazi Uingereza ulikoma mwisho wa mwaka 2020. Katika mwaka wa 2020/21 nafasi zilizokuwa wazi katika huduma za watu wazima huko England zilikuwa takriban 110,000. Mwaka mmoja baadaye zilifika 165,000. Waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walihamia kwenye maghala na maduka makubwa, ambako malipo ni yale yale au yanazidi, na hakuna anayekutaka uwe mlangoni kwa mzee wa kwanza kabla jua halijachomoza. Viza ikafunguliwa na watu wakaitika kwa wingi kuliko serikali ilivyotarajia: mwaka 2023 wafanyakazi zaidi ya 140,000 walipata viza za afya na huduma, na sehemu kubwa yao walikuwa wahudumu. Nafasi wazi zikashuka hadi 131,000 mwaka 2023/24 na 111,000 mwaka 2024/25. Kisha siasa ikaingia. Serikali ilikadiria kwamba katika mwaka ulioishia Septemba 2023 wahudumu 100,000 waliingia pamoja na wategemezi 120,000, na kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya hakuruhusiwa tena kuja na mwenzi wala watoto. Maombi yakaporomoka. Kwa hiyo Julai 2025 ilipofika, waziri alikuwa anafunga mlango ambao tayari ni wachache mno waliokuwa wanaupita.

Sasa hiyo kamba. Mwajiri anayetaka kuleta mtu kutoka nje huomba leseni ya udhamini Wizara ya Mambo ya Ndani. Akishaipata hutoa cheti cha udhamini, kile ambacho mawakala wa mitaani hukitaja kwa herufi zake tatu, COS, kama vile ni bidhaa ya dukani. Viza hutolewa kwa mwajiri huyo na kwa kazi hiyo. Mfanyakazi akitaka kuhama sharti ampate mwajiri mwingine mwenye leseni, apewe cheti kipya, aombe viza upya. Akifukuzwa, au mwajiri akinyang'anywa leseni, wizara humwandikia barua ya kumkatia muda, na kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Katika siku hizo hana haki ya kupata posho za ustawi wa jamii. Ongeza juu yake deni alilokuja nalo. Ada halali ya viza ya hadi miaka 3 ilikuwa paundi 304 kuanzia Aprili 2025, na gharama ya cheti ni ya mwajiri, lakini kati ya mwombaji na mwajiri walijipanga watu wa kati waliodai maelfu ya paundi. Mtu wa namna hiyo akiahidiwa saa 39 kwa wiki akapewa 15, au akalipwa dakika alizokaa ndani ya nyumba ya mzee tu bila muda wa kutembea kutoka nyumba moja hadi nyingine, atamlalamikia nani?

Hapo ndipo mfumo unapojipinda. Akilalamika na wizara ikasikia, adhabu kuu iliyopo ni kumfutia mwajiri leseni. Leseni ikifutwa, saa ya siku 60 inaanza kumgongea mlalamikaji na wenzake wote waliokuwa kwa mwajiri yule. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hii na kutangaza hilo kama ushindi dhidi ya wanyonyaji. Wafanyakazi waliohusishwa na leseni hizo ni zaidi ya 39,000. Dada mmoja ninayemfahamu, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi kabla ya kuondoka, alikuwa miongoni mwa watu wa jinsi hiyo, na aliponieleza siku alipopokea barua yake alisema kilichomuuma zaidi ni wenzake wa zamu waliomlaumu kwa kupiga simu ya malalamiko. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamepiga hesabu sahihi.

Wapo wanaodhani haya yalitokea kwa bahati mbaya, kwamba waajiri wachache walaghai walijipenyeza. Ripoti ya David Neal, aliyekuwa mkaguzi huru wa mipaka na uhamiaji, iliyotoka Machi 2024, inaonyesha vinginevyo. Aligundua kwamba vyeti 275 vilitolewa kwa jina la makao ya wazee ambayo hayapo. Kampuni nyingine, iliyosema ilipoomba leseni kwamba ina wafanyakazi wanne, ilipewa vyeti 1,234. Afisa mmoja wa ukaguzi alikuwepo kwa kila waajiri takriban 1,600. Yaani dola ilikabidhi mamlaka ya uhamiaji kwa makampuni binafsi, kisha haikuwa na mtu wa kwenda hata kugonga mlango kuona kama jengo lipo. Tukikumbuka hilo, kusema kwamba tatizo lilikuwa wingi wa wahamiaji ni sawa na kumlaumu abiria kwa sababu basi halikuwa na breki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano wa karibu ni kafala. Tumepiga kelele miaka mingi, na kwa haki, juu ya mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba, ambako uhalali wa kukaa nchini umefungwa kwa tajiri. Sidai kwamba Uingereza ni sawa na Riyadh. Kuna mabaraza ya kazi yanayosikiliza kesi, vyama vya wafanyakazi vyenye sauti, na sheria ya kima cha chini cha mshahara inayomhusu kila mtu. Lakini mhimili wa mambo, yaani mwajiri kuwa ndiye mlinzi wa mpaka, unafanana mno kuliko Waingereza wanavyopenda kukiri. Hata haki iliyoandikwa vizuri haimfai sana mtu ambaye kesi yake itasikilizwa baada ya miezi mingi na viza yake inakatwa baada ya siku 60.

Tuzipime hoja za waliofunga. Ya kwanza ni ya unyonyaji: kama watu wanaumizwa, acheni kuleta wengine. Hoja hii naiheshimu. Kuendelea kuwaingiza watu kwenye mfumo unaojulikana kuwa mbovu ni kuwa mshiriki, na yeyote aliyeona jamaa yake akirudi na deni bila akiba hatamlaumu waziri kwa kusimamisha. Upungufu wake ni kwamba inamlinda ambaye hajaja na kumwacha aliyekuja. Mwajiri aliyekuwa akiagiza watu kutoka nje sasa analazimika kuchagua miongoni mwa waliomo, na tangu Aprili 2025 waajiri wa England walitakiwa kuwatafuta kwanza wale waliopoteza wadhamini kabla ya kuleta mtu mpya. Ni hatua njema kwa karatasi. Kwa mfanyakazi mwenye siku 40 zilizobaki ina sura nyingine: yuko kwenye foleni ya watu wengi wanaotafuta kitu kile kile, na anayekigawa anajua hivyo.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi majukwaani. Inasema wageni wakizuiwa, waajiri watalazimika kupandisha mishahara na wenyeji watarudi kwenye kazi. Inavutia kwa sababu inafanana na kanuni ya soko: bidhaa ikiadimika, bei hupanda. Lakini jaribio hilo lilishafanyika. Kuanzia Januari 2021 hadi Februari 2022 hapakuwa na raia wapya wa Ulaya wanaoingia kwa uhuru, wala hapakuwa na viza ya wahudumu. Kama kanuni ingefanya kazi, mishahara ingeruka. Badala yake nafasi wazi ziliongezeka kwa nusu nzima ya zilivyokuwa. Sababu si fumbo. Mnunuzi mkuu wa huduma hii ni halmashauri, zinazolipia wazee wasio na uwezo kwa bajeti zinazotegemea kwa kiasi kikubwa uamuzi wa Hazina. Halmashauri ikilipa kiasi fulani kwa saa, kampuni haiwezi kumlipa mhudumu zaidi ya hapo hata kitongoji kizima kikose wahudumu. Bei ikishapangwa na serikali, uhaba huonekana kwenye upande mwingine: kwa mzee anayesubiri kuogeshwa, kwa binti yake anayeacha kazi ili amtunze, na kwa kitanda cha hospitali kinachokaliwa na mtu aliyekwisha pona lakini nyumbani hana wa kumpokea.

Cha ajabu, viza yenyewe iliweka sakafu ya malipo iliyo juu kuliko ya soko. Tangu Aprili 2025 mhudumu aliyedhaminiwa alipaswa kulipwa angalau paundi 12.82 kwa saa, ilhali kima cha chini cha taifa kilikuwa 12.21. Mgeni, kwa maandishi, aligharimu zaidi ya mwenyeji. Aliyemfanya awe rahisi ni kamba, kwa sababu tofauti ya senti 61 inapotea mara moja mtu anaposhindwa kudai saa alizoahidiwa.

Hoja ya tatu inatugusa sisi: kwamba nchi tajiri zinakomba wataalamu wa nchi maskini. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni zake za uajiri wa kimataifa mwaka 2010, na orodha yake ya 2023 ina nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania na Uganda zikiwamo, ambazo hazipaswi kuendewa na waajiri wa nje kwa kampeni za kuajiri. Hoja hii ina nguvu, lakini angalia ilivyotekelezwa. Kilichofungwa Julai 2025 ni njia iliyotumiwa na walimu, makarani wa benki, wenye stashahada za biashara na vijana wasio na kazi, watu ambao kuondoka kwao hakukufunga wodi yoyote. Kilichobaki wazi ni njia ya muuguzi na daktari, waliosomeshwa kwa miaka kwa fedha za umma wa nchi zao. Kama lengo lingekuwa kulinda hospitali za Afrika, ufunguo umezungushwa kwenye tundu lisilo lake.

Wala London haibebi lawama hii peke yake. Kenya ilisaini makubaliano ya wahudumu wa afya na Uingereza Julai 2021, na miezi michache baadaye Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Watu walicheka sana, ucheshi wenyewe ukiwa wa uchungu. Swali zito lililopita bila kuulizwa ni kwa nini wauguzi waliosajiliwa walikuwa nyumbani wakisubiri ndege ilhali vituo vya afya vya vijijini havina mtu wa zamu ya usiku. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, mojawapo ya sababu ikiwa posho ya madaktari wanafunzi ambayo serikali ilitaka kuishusha hadi shilingi 70,000 kutoka takriban 206,000. Septemba mwaka huo huo Kenya ilisaini makubaliano mengine ya uhamiaji na Ujerumani mjini Berlin, Rais William Ruto akiwapo. Zikavuma habari za nafasi 250,000, na wizara ya Ujerumani ikazikana. Serikali inayohesabu vichwa vinavyoondoka na fedha zinazorudi, bila kuuliza mtu wake akifukuzwa atakuwa na siku ngapi, inafanya kosa lile lile la London ikiwa upande wa pili wa meza.

Je, kamba inaweza kulegezwa bila mfumo kuanguka? Waajiri wana pingamizi la haki. Kampuni kubwa ililipa kwa miaka mingi tozo ya paundi 1,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi iliyemdhamini, na iliyoko kijijini ingempoteza mtu wake kwa jiji mara tu anapotua. Lakini tozo inaweza kugawanywa, anayemchukua mtu alipie miaka iliyobaki. Na anayehofia kukimbiwa pengine ajiulize kwanza kwa nini akimbiwe. Viza inaweza kuwa ya sekta nzima: mtu abaki kuwa mhudumu, lakini kwa mwajiri yeyote aliyesajiliwa na mamlaka ya ubora wa huduma. Hili si ndoto. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2024, humpa mfanyakazi aliyeachana na mdhamini hadi siku 180 kwa mara moja, na humruhusu kufanya kazi kwingine akitafuta mdhamini mpya. Ireland, kwa sheria iliyoanza Septemba 2024, inamruhusu mwenye kibali kubadili mwajiri baada ya miezi 9. Hakuna kati ya nchi hizo iliyofurika.

Uingereza inakwenda upande mwingine. Novemba 2025 serikali ilipendekeza kwamba wenye kazi zilizo chini ya kiwango cha shahada, wahudumu wakiwamo, wasubiri miaka 15 badala ya 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Wengi wetu tumelisoma hilo kama adhabu kwa wageni. Lisome tena kwa jicho la mwajiri. Ukaazi wa kudumu ndiyo siku kamba inapokatwa. Kuisogeza siku hiyo kwa miaka 10 ni kumpa mwajiri miaka 10 zaidi ya kuishika, kwa mtu ambaye aliondoka kwao akihesabu miaka mitano na ambaye watoto wake, kama alikuja baada ya Machi 2024, wako kwa bibi yao. Wakati huo huo mawakala hawajafunga maduka. Bado wapo wanaopokea fedha kwa ahadi ya vyeti vya uhudumu, kwa nafasi ambazo kisheria hakuna aliye nje anayeweza kuzipata, na wateja wanaendelea kwenda kwa sababu wamesikia viza ya afya bado ipo, jambo ambalo ni kweli kwa muuguzi na si kweli kwao.

Mkataba wa malipo ya haki kwa wahudumu, uliotengewa paundi milioni 500, unatarajiwa kuanza 2028. Tume ya Louise Casey, inayochunguza namna ya kugharamia huduma hizi kwa ujumla, nayo itatoa ripoti yake ya mwisho 2028. Na waraka wa serikali wa Mei 2025 uliweka kipindi cha mpito, ambacho waliomo ndani wanaruhusiwa kuhuisha viza na kuhamia kazi hizi, hadi mwaka 2028. Mshahara utakaokuwa na maana, ukija, utakuja mwaka ule ule ambao nafasi ya watu hawa ya kuhama inakaribia ukomo wake.